Nani Anailipia Saa Yako?

Ushauri anaopewa mtu anayejiandaa kusoma chuo kwa mtandao hauna siri. Tafuta mahali patulivu. Panga ratiba uifuate. Hakikisha simu ina chaji na data. Waambie wa nyumbani wasikusumbue wakati wa darasa. Ni ushauri mzuri. Ila hilo la mwisho husemwa haraka haraka, kama vile ni kubandika tu karatasi mlangoni. Mimi naona swali lote liko hapo.

Chukua boma moja la ufukweni, Mbita upande wa Homa Bay au Muhuru upande wa Migori. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na asubuhi huanikwa juani. Wakishaanikwa lazima mtu awageuze, afukuze kuku, na wingu likitanda awakusanye mbio. Sasa mkaza mwana yuko ndani, ameinamia simu, mwalimu anafundisha takwimu. Matone yanaanza. Mama mkwe anaita. Afanye nini?

Aliyepanda matatu akaenda kukaa hosteli Maseno haulizwi swali hili. Umbali unamjibia. Mvua ikinyesha hakuna wa kumwita, na hakuna wa kumwona mbaya. Huyu wa mtandao lazima akatae kwa mdomo wake mwenyewe, tena mbele ya mtu anayemheshimu.

Kusoma kwa mbali si jambo la jana. Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga, alisoma uchumi kwa posta na chuo cha Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa mkaguzi wa afya Nairobi. Lakini mfanyakazi wa mjini akitoka kazini, jioni ni yake. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipopewa hati mwaka 2023, mlango ulifunguka kwa watu ambao jioni si yao, wala mchana.

Kuna watakaosema masomo ni haki yake, basi anyamaze asome. Sikatai kwamba ni haki. Lakini haki haitoki nje kuanua omena. Zile saa mbili anazopata, kuna mtu amezitoa mwilini mwake: mama mkwe mwenye mgongo, au yule mtoto wa darasa la sita aliyetumwa maji mara mbili. Huo ni mkopo. Na mkopo huombwa: “Mama, Jumatatu na Alhamisi mchana niko darasani mpaka saa kumi. Jumamosi omena wote niachieni mimi.” Aseme pia anasomea nini na atamaliza lini, maana hakuna anayependa kukopesha gizani.

Najua jibu: mwana wa kiume wa boma hilo hilo haombi. Akifungua kompyuta, kila mtu anashusha sauti. Ni kweli, na si haki hata kidogo. Tena mke akiomba akanyimwa bila sababu, naona anaweza kuichukua hiyo saa na asione haya. Mshahara ukija utalipa karo ya yule wa darasa la sita na dawa za mgongo. Nyumba itakayokula matunda ya digrii haiwezi kukataa kuchangia saa zake.

Lakini hapo ndipo mambo yanakuwa magumu kwa mwanafunzi mwenyewe. Simu ya darasa ni ile ile ya TikTok. Mama mkwe akichungulia anaona mtu anatabasamu mbele ya kioo, na shaka lake lina msingi. “Niko darasani” ni maneno mawili tu, ila mwingine anayalipia papo hapo kwa kukimbia mvuani. Wa hosteli akizembea anajiibia mwenyewe, pamoja na aliyemlipia karo. Wa nyumbani akizembea, amemwibia pia mtu aliye hatua kumi kutoka mlangoni, analowa. Ndiyo maana sioni kuchezea simu saa ya darasa kuwa udhaifu mdogo wa kukosa nidhamu, kama wanavyoandika kwenye miongozo. Ni neno la uongo lililobebeshwa mgongo wa mtu.

Kuna jambo dogo ambalo wachache hufanya, nadhani kwa kuona haya. Siku moja chomoa waya za masikio, acha sauti itoke. Mwite mama mkwe aketi hapo na chai yake. Takwimu ni kwa Kiingereza na huenda asifuate kitu. Lakini atasikia mwalimu akiita jina, na mke wa mwanawe akiitikia.