Uchungu wa Asiyeweza Kusema

Hata kufikia miaka ya 1980, matabibu wengi wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiwapasua watoto wachanga bila ya ganzi ya kutosha, wakidhani kwamba ubongo wao haujapevuka hata uhisi maumivu. Mwaka 1987 daktari Anand na wenziwe wakabainisha madhara ya jambo hilo, na desturi ikaanza kugeuka.

Lakini mtoto hasemi, tutamjuaje? Wataalamu wa Uingereza humbandika kichwani nyuzi za kupimia umeme wa ubongo, wakatazama unavyobadilika adungwapo kisiginoni kutolewa damu. Mwaka 2010 wakaeleza khabari ya ajabu: mtoto aliyeonjeshwa maji ya sukari uso wake ulitulia, kumbe ule umeme haukupungua. Mwaka 2017 wakaonyesha kwamba malhamu ya ganzi huupunguza. Mtambo hauuoni uchungu wenyewe, ni kweli. Huona athari yake, kama mtu aonavyo moshi. Lakini ni nani aonaye moshi darini kwake akaenda kulala?

Basi anayemtia mwanawe kitu kitamu kinywani siku ya kumtahiri, akamwona amenyamaza, asifanye haraka kusema hakuumia. Tohara kwetu sisi Mashafii ni wajibu. Uchungu si sharti yake, wala hapana aya wala hadithi iliyouamrisha. Wako wasemao, “Sisi tulitahiriwa vivyo hivyo, na tu wazima.” Uzima wao haukubishwa. Kinachoulizwa ni haki ya mtoto juu ya walii wake, naye hana wa kumdai. Mzazi na amwulize tabibu khabari ya ganzi kabla ya siku yenyewe.