Kafia Nini Kwa Watu?

Ukisimama kwenye makaburi ya Mazimbu, hapa Morogoro, unaiona milima ya Uluguru imetulia tuli. Waliolala pale ni Waafrika Kusini waliokimbia ubaguzi wa rangi, wakafia ugenini. Chama chao, ANC, kilishafanya mkutano wake mkubwa mjini humu mwaka 1969. Tuliwapa ardhi ya kuishi, na ya kuzikana. Hatukusema, "Vita hivyo si vyetu."

Enzi zile adui alijulikana. Mwaka 1978 alivuka mpaka Kagera na vifaru, ana sare na bendera. Leo je? Tarehe 7 Desemba 2017, askari wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, mashariki ya Kongo, wakilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa. Oktoba 2020, wapiganaji kutoka Msumbiji walikuja hadi Kitaya, Mtwara. Adui huyu hana nchi wala sare.

Sawa, jeshi libadilike: silaha mpya, mafunzo mapya. Lakini silaha haimjibu mama anayeuliza, "Mwanangu kafia nini kwa watu?"

Mimi naona nusu ya jibu iko Mazimbu. Aliyemzika mgeni uani kwake hawezi kudai moto wa jirani haumhusu. Nusu ya pili ni deni letu. Mwaka 1964 tuliliita Jeshi la Wananchi. Basi, ndugu msomaji, wananchi tuambiwe kijana anakwenda wapi na kwa nini, kabla jeneza halijarudi. Au jina lile lilikuwa pambo tu?