Sadaka Isiyoingia Daftarini

Msiba ukitokea mtaani, turubai halijafungwa vizuri na tayari meza imeshatafutwa. Meza ikipatikana, linatafutwa kaunta buku na kijana mwenye mwandiko unaosomeka. Anachora mistari yake: namba, jina, kiasi. Waombolezaji wanaingia, wanapita mezani, wanataja jina na kuacha elfu tano, elfu kumi. Akitokea wa elfu hamsini, karani hurudia jina lake kwa sauti, asije akakosea herufi. Baada ya maziko daftari hukabidhiwa kwa wafiwa, nao hulitunza kabatini pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya watoto.

Wanalitunza kwa sababu lina kazi. Siku jirani naye akifiwa, daftari litafunuliwa: "Huyu alituletea elfu ishirini." Basi atapelekewa elfu ishirini, au zaidi kidogo kwa heshima. Ambaye jina lake halimo, atapelekewa pole ya mdomo. Harusi ni yale yale, ila daftari limehamia kwenye kundi la WhatsApp. Ahadi zinaorodheshwa, aliyemaliza anawekewa tiki ya kijani, na ambaye hajamaliza anakumbushwa asubuhi kabla hajanywa chai. Kadi zenyewe zina madaraja, singo na dabo, na mlinzi wa mlango wa ukumbi anajua nani katoa nini.

Siubezi utaratibu huu. Umewazika watu wengi ambao hawakuwa na bima wala akiba, umesomesha watoto, umewatoa wagonjwa hospitalini. Waswahili tulisema zamani kwamba kufa kufaana, na daftari ndilo linalotukumbusha zamu zetu. Lakini tuuite kwa jina lake: ni nipe nikupe. Ni mkopo usio na riba, unaolipwa kwa jasho na kwa aibu. Kinachonisumbua ni kwamba sisi Wakristo tumeubeba mzima mzima, tukauingiza kanisani na kuubandika jina la sadaka.

Bwana Yesu alilizungumzia jambo hili akiwa mezani. Luka, katika sura ya 14, anasimulia kwamba alialikwa chakula siku ya Sabato nyumbani kwa mkubwa mmoja wa Mafarisayo, akawaona wageni wakigombea viti vya mbele. Aliwaonya kwanza wao. Kisha akamgeukia mwenye nyumba na kumwambia neno ambalo mgeni wa kawaida hathubutu kumwambia aliyempikia. Alimshauri kwamba akiandaa karamu asiwaite rafiki, ndugu wala majirani wenye mali, maana hao watamwalika na hesabu itakuwa imefungwa. Awaite maskini, vilema, viwete na vipofu, kwa sababu hawana cha kumrudishia. Kwetu sisi anayerudishiwa ndiye mwenye bahati. Kwa Yesu huyo ndiye aliyepata hasara, kwa kuwa ameshalipwa na hakuna kilichobaki mbele za Mungu. Katika Mathayo sura ya 6 anasema hivyo hivyo juu ya wanaotoa ili waonekane: mshahara wao wameshaupokea.

Mafundisho hayo hayakuwa mageni kwa wasikilizaji wake. Mishna, mapokeo ya sheria ya Wayahudi yaliyokusanywa mwanzoni mwa karne ya 3, inaeleza kwamba Hekalu la Yerusalemu lilikuwa na masanduku 13 ya sadaka yenye umbo la pembe. Inaeleza pia kwamba palikuwa na chumba cha siri. Wacha Mungu waliingia humo wakaacha walichonacho bila kuonekana, na maskini waliotoka katika familia za heshima wakasaidiwa kutoka humo bila kuonekana vilevile. Aliyetoa hakumjua aliyepokea, na aliyepokea hakuwa na mtu wa kumkwepa njiani.

Hekalu hilohilo ndipo Yesu alipomwona mjane akitia senti zake mbili. Tumemhubiri mama huyu mpaka tumemzoea, na kuna jambo tunalipita haraka. Marko anasema Yesu aliwaita wanafunzi wake akawaeleza. Hakumwita mjane. Hakumsimamisha mbele za watu, hakumwombea makofi, na kwa jinsi Injili inavyosimulia, mama yule alishika njia yake bila kujua kwamba ametajwa. Jina lake halikuandikwa popote. Leo angepita kwenye usharika wetu, mweka hazina angemuuliza namba ya bahasha.

Na bahasha zetu zinajulikana. Ukifika mwisho wa mwaka, orodha inabandikwa ubaoni, waliotimiza ahadi na ambao bado. Harambee ya jengo ikianza, wanaitwa kwanza wa milioni wasimame, kisha wa laki tano, wa laki, na kuendelea kushuka. Wa elfu mbili huitwa wakati kwaya imeshaanza kuimba na watu wanatafuta viatu vya watoto. Huko kwenye mahubiri ya mbegu hali ni nzito zaidi: lipa namba iko kwenye skrini, na mhubiri anaahidi kwamba ukipanda laki utavuna mara mia kabla mwezi haujaisha. Hapo Mungu mwenyewe amefanywa kikoba, unaweka hisa ukisubiri gawio. Mama anayeuza karanga anatoa mtaji wake wote, na mavuno yasipokuja anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo.

Wanasiasa wameuelewa udhaifu wetu huu kuliko wachungaji wengi. Wanajua kwamba mchango ukitajwa kwenye kipaza sauti, anayepokea hupunguza sauti yake. Ndiyo maana nililipenda jambo lililotokea Kenya Novemba 2024. Rais William Ruto alishiriki misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa shilingi milioni 2.6 za Kenya kwa ajili ya nyumba ya mapadri, kwaya na kikundi kingine cha parokia, akaahidi na nyingine. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa. Nyumba ya mapadri ilikuwa inahitajika kweli. Lakini kanisa lilikumbuka kwamba siyo kila mkono unaotoa umefunguka, mingine imeshika kamba.

Najua mtakaloniuliza: bila daftari, kanisa litaendeshwaje? Swali ni la haki, na Mtume Paulo alilijibu kabla yetu. Alipokuwa akikusanya msaada kwa ajili ya Wakristo maskini wa Yerusalemu, hakuzibeba fedha peke yake. Katika barua yake ya pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba alifuatana na ndugu walioaminiwa na makanisa, ili asiwepo wa kumlaumu juu ya mali ile. Fedha za watu lazima zihesabiwe, zikaguliwe na zisomwe hadharani. Tofauti iko hapa: daftari la hesabu linalinda sadaka isiibiwe, daftari la sifa linamwibia mtoaji sadaka yake. La kwanza tulitunze. La pili ndilo ninalolisema. Paulo huyohuyo, akitaka kuwaamsha Wakorintho waliokuwa na uwezo, aliwatolea mfano wa makanisa ya Makedonia, yaliyotoa kupita uwezo wao yakiwa katika umaskini mkubwa. Hakutaja nani alitoa ngapi.

Lakini kutoa bila kutajwa si ufundi wa kufunga bahasha. Ni suala la unyenyekevu, na unyenyekevu una bei yake. Mtu aliyeilipa kwa ukamilifu ni mwanamke mmoja wa Ufaransa aliyeitwa Jeanne Jugan. Alizaliwa Cancale, pwani ya Brittany, mwaka 1792, akawa mfanyakazi wa ndani katika nyumba za watu. Katika baridi ya mwaka 1839 alimchukua kikongwe kipofu aliyepooza, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe, na yeye akahamia darini. Wakaja vikongwe wengine. Jeanne akashika kikapu, akawa anagonga milango ya mji akiwaombea chakula. Inasimuliwa kwamba tajiri mmoja alimpiga kofi. Akamshukuru, akamwambia kofi lile ni lake, sasa atoe na cha wazee.

Kutoka hapo likazaliwa shirika la Masista Wadogo wa Maskini. Ndipo padri aliyekuwa akiwalea masista hao, Auguste Le Pailleur, akamwondoa Jeanne katika uongozi, akajitangaza yeye kuwa ndiye mwanzilishi. Mwaka 1852 Jeanne aliitwa kwenye nyumba kuu akawekwa pembeni. Akaishi huko miaka 27, katikati ya masista vijana ambao hawakujua kwamba bibi huyu anayetembelea mkongojo ndiye aliyeanzisha nyumba waliyokuwemo. Hakuandika barua ya malalamiko kwa magazeti, hakuunda kundi la wafuasi wake. Alipofariki mwaka 1879 shirika lilikuwa na masista takriban 2,400. Ukweli ulikuja kujulikana baadaye Roma ilipochunguza, na mwaka 2009 Papa Benedikto wa 16 akamtangaza mtakatifu. Sisemi kwamba dhuluma ni jambo jema. Padri yule alikosea, na kanisa lilimwondoa. Ninachosema ni kwamba Jeanne aliwapa wazee kitanda chake, nguvu zake, mwishowe na jina lake, na wazee wakaendelea kula.

Masista wa Jeanne wako Nairobi, katika Nyumba ya Wazee huko Kasarani, na mpaka leo shirika lao linaishi kwa kuomba, kama alivyofanya yeye. Ni katika nyumba hiyo Kardinali Maurice Otunga alikokwenda kuishi alipostaafu mwaka 1997. Huyu alikuwa mtoto wa Chifu Sudi wa Bukusu, aliyeachia urithi wa uchifu ili awe padri, akawa Kardinali wa kwanza wa Kenya mwaka 1973. Angeweza kustaafu kwa fahari. Akachagua kuzeeka miongoni mwa wazee wasio na mtu, mpaka alipofariki mwaka 2003. Mtoto wa chifu alikula chakula kilichoombwa.

Nikisoma habari za wakubwa hawa nakumbuka jambo dogo nililoliona mtaani kwetu. Alifariki kijana mmoja mpangaji, kibarua wa ujenzi, mgeni wa mji. Hakuwa kwenye kikundi chochote, hakuwahi kuonekana kwenye misiba ya watu, na jina lake halikuwa katika daftari la mtu yeyote. Kwa hesabu zetu hakuwa na anayemdai wala anayedaiwa naye. Watu walikuwa wachache, viti vingi vilibaki vimepangana. Mjumbe akahangaika kutafuta gari la kusafirisha mwili. Mchana akaingia mama lishe wa kijiweni, kichwani ana sufuria la wali, mkononi dumu la maji. Akatua mzigo jikoni. Kijana wa mezani akamfuata na kalamu: "Mama, nikuandike nani?" Mama akamwangalia, akasema, "Mwanangu, pakueni kwanza, watu hawajala." Akafunga kitenge chake, akarudi kwenye biashara yake. Alikuwa ameacha moto unawaka.

Mama yule hakuwa na nadharia ya utoaji. Alifahamu tu kwamba aliyekufa hatamlipa, na ndugu zake wanaondoka kesho na basi. Hiyo ndiyo karamu ya Luka sura ya 14, imepikwa kwa mkaa.

Na tusimsahau anayepokea. Kila mwisho wa mwaka tunakwenda kwenye vituo vya watoto yatima tumevaa fulana za kufanana, tuna bango, unga, sabuni na mafuta ya kula. Watoto wanapangwa mstari, mmoja anawekewa ndoo ya mafuta mikononi, anaambiwa acheke, simu zinapiga picha kutoka kila upande. Mafuta yataisha baada ya wiki mbili. Picha haitaisha. Siku mtoto yule akiwa mtu mzima, anatafuta kazi au mchumba, sura yake ya kuomba itakuwa bado inazunguka mitandaoni pamoja na jina la kikundi chetu. Tumempa ndoo, tumechukua heshima yake, na katika biashara hiyo sisi ndio tuliopata faida. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Sisi tumeushikisha mkono wa kushoto kamera.

Kutoa ni moyo, wala si utajiri, walisema wahenga. Wakasema pia tenda wema uende zako. Mengi tunaweza, ila huku kwenda zetu ndiko kunakotushinda. Tunatenda wema halafu tunabaki pale tukisubiri asante, tukisubiri kupigiwa simu, tukihesabu nani alikuja na nani hakuja. Mwaka mzima tunamnunia mtu tuliyemsaidia kwa sababu hakutusalimia vizuri sokoni. Mtu wa namna hiyo hajasaidiwa, amenunuliwa.

Basi, msomaji wangu, changia harusi ya jirani, peleka rambirambi, maliza ahadi yako ya bahasha. Hayo ni madeni, na Mkristo hulipa madeni yake. Ukishayalipa, mtafute mtu mmoja ambaye hayumo katika daftari lako wala hatawahi kuingia: mpangaji mgeni, mlinzi wa usiku, mama mwenye mgonjwa asiye na ndugu mjini. Mpe kilicho chako, kisha nyanyuka uende zako. Sadaka yako inaanzia kwa huyo.