Usiiuze kwa Kilo

Mnunuzi wa vyuma chakavu hana haraka. Anapita mtaani na toroli lake na mizani ya kuning'iniza, na akishaona usukani wa pikipiki umechungulia nyuma ya banda la kuku, anajua atarudi. Anajua iko siku utachoka kuikwepa kila ukienda kuanika nguo, utachoka kuulizwa na wageni hiki nacho ni cha nini hapa, na utamwita mwenyewe. Ataipima kwa kilo, kama anavyopima nondo na mabati. Pikipiki iliyompeleka mzee kazini mvua na jua, iliyowafikisha shule wawili nyuma na mmoja juu ya tenki, itaondoka uani kwa hela isiyonunua hata tairi moja jipya.

Mwambie apite. Mwambie hiyo pikipiki ina kazi.

Najua utakachojibu: mimi si fundi. Vizuri, maana pikipiki za namna hii hazikubuniwa kwa ajili ya mafundi. Chukua Honda CG125, ambayo huenda ndiyo hiyohiyo uliyoifunika turubai. Kabla haijazinduliwa katikati ya miaka ya 1970, Honda walikuwa wameshauza CB125, pikipiki nzuri iliyokuwa ikidumu kwao Japani lakini ikifika nchi zinazoendelea inakufa mapema. Wahandisi walipotoka kwenda kujionea, wakakuta mambo ambayo mtu yeyote wa huku angewasimulia bila nauli: chombo cha watu wawili kinabeba watatu na gunia, oili inabadilishwa siku mwenyewe akikumbuka, na vumbi halina mlango lisimoingia. Wangeweza kusema watu hawa hawajui kutunza, wakafunga mafaili. Walichofanya ni kubadilisha injini. Mnyororo wa ndani unaozungusha kamshafti, ambao ukikosa oili safi hulegea na kuleta balaa, waliutoa kabisa. Kamshafti ikateremshwa chini, ikazungushwa kwa gia, na valvu zikasukumwa kwa vijiti, mtindo wa zamani ambao wajuzi walikuwa wameshauona umepitwa. Chujio la karatasi la kununua kila mara nalo halimo. Takataka za oili zinanaswa na kikombe kinachozunguka ubavuni mwa injini. Unakifungua, unakifuta kwa kitambaa, unakirudisha. Silinda ni moja tu, sentimita za ujazo 124.

Yaani kuna watu walikaa Japani, penseli mkononi, wakakuwaza wewe: mtu asiye na karakana wala kitabu cha maelekezo, mwenye spana chache na shati kuukuu la kufutia mikono. Halafu leo wewe ndiye unasema kazi hii si ya kwako?

Tena injini yenyewe haijafa. Viwanda vya China vimeinakili kiasi kwamba bodaboda nyingi zinazopita mbele ya nyumba yako ni za ukoo huohuo. Kwa hiyo pistoni, ringi, sahani za klachi na gasketi za pikipiki ya miaka ya 1980 hazitafutwi makumbusho. Dar es Salaam ziko Kariakoo na Gerezani, Nairobi ziko Kirinyaga Road, na kwenye mji mdogo yupo mwenye kibanda pale stendi. Nakala si zote zinalingana na ya asili, basi nenda na kifaa cha zamani mkononi, kiweke juu ya kaunta, linganisha mashimo na meno kwa macho yako kabla hujatoa hela. Muuzaji akikwambia "hii inaingia bila shida, bosi wangu", mwambie tuione ikilala juu ya mwenzake kwanza.

Sasa unaanzia wapi? Wengi wanaanzia kwenye rangi, na hapo ndipo kazi nyingi zinapozikwa. Kijana anapata hela ya kwanza, anapeleka tenki likapulizwe jekundu la kung'aa, anashonesha siti, anapiga picha, anasifiwa. Injini bado imekwama. Miezi inapita, tenki linakwaruzika kwa kuhamishwahamishwa, hamu inakwisha, na mwenye mizani anaitwa. Anzia kwenye mlio. Pikipiki mbaya inayounguruma itakutoa kitandani Jumamosi alfajiri bila kengele. Nzuri iliyokufa utaitazama dirishani tu.

Chomoa plagi. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na unaweza kuimaliza kabla chai haijapoa. Kama kiki haishuki, usiipande kwa uzito wako wote, utavunja kitu. Mimina oili kidogo iliyochanganywa na dizeli kwenye tundu la plagi, iache ilowe siku kadhaa. Kisha isimamishe pikipiki kwenye stendi ya katikati, tia gia ya juu, shika tairi la nyuma, lisukume mbele na nyuma taratibu. Litagoma. Kesho yake tena. Siku litakaposogea hata upana wa kidole, waite watoto waje waone, kwa sababu saa hiyo pikipiki imeacha kuwa chuma chakavu.

Baada ya hapo injini inakudai mambo matatu: mgandamizo, cheche na mafuta. Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba huku mwenzako akishusha kiki. Kidole kikisukumwa na pumzi, silinda ina uhai. Rudisha plagi kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye kichwa cha silinda, mbali kabisa na petroli, mwenzako apige kiki tena. Cheche ya buluu inayolia ni habari njema. Ya njano, iliyonyong'onyea, inakutuma kwenye waya, koili, au zile pointi mbili ndogo zinazogusana na kuachana kama pikipiki ni ya toleo la zamani. Zisugue kwa msasa laini. Zikiachana kabisa, nafasi iwe kati ya milimita 0.3 na 0.4. Valvu nazo zipime injini ikiwa ya baridi, milimita 0.08, kipimo chembamba kama karatasi.

Mafuta ndiyo hadithi ndefu. Petroli ikiachwa miaka hukauka na kuacha gundi ya kahawia yenye harufu iliyochacha, na gundi hiyo inakimbilia kabureta. Fungua bakuli la chini, toa boya, utaona vijiti viwili vya shaba, kikubwa na kidogo. Hizo ndizo jeti. Tundu la ile ndogo halipitishi hata sindano, na pikipiki nzima, na mzigo wake wote, inategemea tundu hilo. Usilichokonoe kwa waya wa chuma; ukilipanua, injini itakunywa petroli ovyo siku zake zote. Iloweke katika petroli safi, ipulize kwa pampu ya baiskeli, kisha iinue kuelekea mwanga na uchungulie kwa jicho moja. Mara ya kwanza utaona giza. Iloweke tena, ipulize tena. Ukiona nukta ya mwanga, duara kamili isiyo na ukingo uliomeguka, umeshinda vita ambavyo watu wengi wamevikimbia wakaenda kununua kabureta mpya ya bei rahisi.

Tenki litakuwa na kutu ndani, usiogope. Bibi zetu wa pwani waling'arisha masinia ya shaba kwa ukwaju na ndimu, na kinachofanya kazi ni kilekile: asidi. Jaza siki, tumbukiza nati za zamani ulizozihesabu, tikisa, acha lilale usiku mmoja au mbili. Mwaga, toa nati zote, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, anika juani hapohapo. Likishakauka, zungusha ndani petroli iliyotiwa oili kidogo, kwani chuma kilichovuliwa kutu na kuachwa kitupu hushika kutu mpya kabla ya jioni.

Ukitia oili mpya, lita moja hivi, fungua petroli na upige kiki. Usitarajie adabu. Itakohoa, itatoa moshi mweupe utakaomleta jirani kuuliza kama kuna kinachoungua, itazima. Piga tena. Nakwambia hakuna duka linalouza kile utakachokisikia kifuani siku hiyo itakaposhika.

Utaambiwa unapoteza muda na hela. Huko Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand, alikuwapo mtu aitwaye Burt Munro, aliyenunua Indian Scout mwaka 1920, pikipiki iliyotoka kiwandani ikiwa na mwendo wa kilomita 88 hivi kwa saa. Hakuwa tajiri. Aliifanyia kazi bandani kwa miongo kadhaa, pistoni akizisubu mwenyewe katika makopo makuukuu, vyuma vingine akivichonga kwa mkono. Agosti 1967, akiwa na miaka 68, aliipeleka kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, Marekani, na pikipiki hiyohiyo, mzee juu yake, ikapita kwa kilomita zipatazo 296 kwa saa na kuweka rekodi ya daraja lake. (Wewe usijaribu. Breki za CG ni za ngoma.) Ila kinachonivuta mimi kwa Munro si rekodi. Ni rafu aliyokuwa nayo bandani, imejaa pistoni zilizotoboka na vyuma vilivyopasuka, kaipa jina la sadaka kwa mungu wa kasi. Kila kilichoharibika alikiweka mahali pa kuonekana, akaendelea. Tengeneza rafu yako. Boliti itakatika, gasketi itachanika, utafunga kitu kinyume na kukifungua upya. Weka pale juu, endelea.

Kuhusu hela, nunua kimoja kimoja. Mwezi huu nyaya za klachi na breki, mwezi ujao matairi. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua chochote, tia boliti za kila sehemu kwenye kopo lake la maziwa ya unga na uandike juu yake, na usivunjevunje kila kitu siku moja kwa msisimko. Na hapa siongezi chumvi wala sipunguzi: usiitie barabarani kabla ya kuweka sawa breki, cheni na matairi. Tairi lililolala miaka linaweza kuwa na kashata zote na mpira uliokufa. Likunje kidogo kwa vidole, ukiona nyufa pembeni, ni la bembea ya watoto.

Ndipo tufike kwenye mapambo, ambayo sasa umeyastahili. Vijana wa London wa miaka ya 1950 na 1960 waliokuwa wakikutana Ace Cafe, kwenye barabara ya North Circular, walinyofoa kila kilichokuwa kizito kwenye pikipiki zao, wakateremsha usukani, wakainama kama wanambio, na mtindo wao mpaka leo unaigwa duniani kote. Walitoa wasichokihitaji wao. Wewe toa usichokihitaji wewe. Ukikata fremu ya nyuma ili ufanane na picha uliyoiona kwenye simu, mama watoto atakaa wapi, na gunia la mkaa je? Njia yako ni ya changarawe na madimbwi: inua madigadi ya mbele, weka matairi yenye meno, chomelea bamba la kukinga injini na mawe. Kama taa ni zile hafifu za volti 6, badilisha mfumo uwe wa volti 12 ili usiku uone shimo kabla halijakuona.

Na mikono ya kukusaidia imejaa mtaani. Fundi wa makochi atakushonea siti kwa kipande cha ngozi kilichobaki. Mchomeleaji wa mageti atakukunjia keria upendavyo. Fundi baiskeli ananyoosha rimu kwa kukaza spoku moja moja, huku anaongea na watu. Mwandishi wa mabango aliyezoea kuandika misemo nyuma ya daladala atakuandikia tenki kwa brashi, jina la mzee ukitaka, na herufi zake zitakuwa na uzuri ambao stika ya kununua haina. Kaa nao wakifanya kazi. Uliza. Shika tochi.

Kadi ya usajili nayo usiisahau, kwa kuwa inataja rangi, namba ya injini na namba ya chesisi. Ukibadilisha rangi au injini, peleka taarifa TRA kama uko Tanzania, au NTSA kama uko Kenya, kabla trafiki hajakuuliza. Na kama pikipiki yenyewe unainunua kwa mtu, futa vumbi kwenye fremu, soma namba, linganisha na kadi, ndipo mzungumze bei.

Siku utakapoizungusha mtaani, yule jirani wa moshi atakuwa wa kwanza kukusimamisha. Ataizunguka, atagusa tenki, atauliza uliipeleka kwa fundi gani. Baadaye, kwa sauti ya chini, atakwambia kwamba yeye naye ana Suzuki ya marehemu baba yake kule kijijini. Mpe spana ya plagi akarudi nayo, na umwambie oili na dizeli atajitegemea.