Sifa ya Simu na Deni la Ulimi

Namtumbo ni mji ulio katika barabara itokayo Songea kwenda Tunduru, na ni makao ya wilaya iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Songea. Wengi wa watu wake ni wakulima. Mahindi huwalisha, tumbaku, ufuta, mbaazi na soya huwapatia fedha. Mazao yakisha kuuzwa, nyumba nyingi hukabiliwa na swali ambalo mababu hawakulijua: simu ipi inunuliwe, king'amuzi kipi kifungwe, na laini ipi iletayo intaneti nyumbani bila ya kukatika. Swali hili haliulizwi kwanza dukani, maana ni nadra muuzaji kukisema vibaya kitu alichokipanga mwenyewe. Huulizwa jirani au ndugu. Kijana humwendea mjomba wake akasema, "Shikamoo, mjomba. Simu yako hii inafaa?" Mjomba huigeuza mkononi, hutabasamu, kisha hujibu, "Marahaba. Inafaa sana." Kwa neno hilo fupi, fedha za jasho la msimu mzima hutoka mfukoni.

Je, neno la mjomba ni kitu gani? Ni upendeleo tu, kama mtu apendavyo chumvi nyingi katika mchuzi, au ni ushahidi? Jambo hili laonekana dogo, lakini halina udogo kwa mtu ambaye fedha yake huja mara moja kwa mwaka.

Wako wasemao kuwa ni upendeleo. Kila mtu, kwa maoni yao, ana macho yake na mfuko wake. Aliyesifu amesifu kwa ajili yake, na aliyenunua amenunua kwa hiari yake. Hoja hii ina sura ya uhuru, lakini imesahau jambo moja. Mtu apendaye chumvi hamwagii jirani chumvi katika chungu. Asifuye simu mbele ya mtu atakaye kununua amekwisha kutia mkono wake katika uamuzi wa mwenziwe. Kisha yeye huulizwa kwa sababu ana kitu ambacho mwulizaji hana, yaani mazoea. Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi aliyekilalia, akiulizwa, yu katika hali ya shahidi, na shahidi hana ruhusa ya kusema lolote limpendezalo.

Hata hivyo methali hiyo ina mpaka wake. Mwenye kitanda huwajua kunguni, lakini huenda asijue mti uliochongwa kitanda. Jambo hili lilidhihirika Tanzania nzima mwaka 2016. Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kuwa simu bandia zingezimwa katika mitandao yote usiku wa tarehe 16 Juni. Watu walifundishwa kubonyeza *#06# ili waione nambari ya simu yenye tarakimu 15, kisha waitume kwenda 15090 wajibiwe kama simu ni halali. Siku ilipowadia, simu zilizokuwa zikiita na kuitika, zikipiga picha na kumulika gizani, zilinyamaza. Wenyewe walikuwa wamezisifu kwa moyo mweupe. Maneno yao yalikuwa kweli kwa kadiri ya walivyoona, na yalikuwa uongo kwa kadiri ya mambo yalivyokuwa.

Hapa sharti watu wa namna tatu watenganishwe. Wa kwanza ni mwongo, ajuaye kuwa kitu ni kibaya naye hukisifu ili apate faida. Huyu hana mtetezi. Wa pili ni mkosefu, asifuye asichokijua chote kwa kuwa hakuwa na njia ya kujua. Huyu hana lawama, maana binadamu hakupewa macho ya kuona ndani ya kila chombo. Wa tatu ni mnyamavu. Huyu alisifu kwa nia njema, baadaye akagundua kuwa kitu hakifai, wala hakurudi kwa wale aliowaambia. Betri yake huisha kabla ya adhuhuri, kioo kimeganda, fundi ameifungua mara tatu. Lakini akiulizwa tena hujibu kuwa inafaa sana. Wakati alipokosea alikuwa mkosefu. Tangu alipojua na kunyamaza amekuwa jirani wa mwongo, na baina ya nyumba zao hapana ua.

Sababu ya kunyamaza si ngumu kuijua. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Kukiri kuwa simu ni mbovu ni kukiri kuwa mnunuzi alidanganyika, na watu wengi ni wepesi wa kupoteza fedha kuliko kupoteza heshima ya kuitwa werevu. Tena yako maliwazo machungu katika hasara iliyo ya wengi: ikiwa kijiji kizima kimenunua kitu kile kile, hakuna awezaye kumcheka mwenziwe. Lakini heshima iliyonunuliwa kwa fedha ya mpwa ni heshima ya mkopo, na mlipaji wake ni mtu mwingine.

Lawama nazo zina deni kama sifa. Katika habari za intaneti ya nyumbani watu hulaumu upesi kuliko wanavyosifu. Mmoja husema laini fulani ni takataka. Wa pili, aliye mwendo wa dakika kumi kutoka kwake, huapa kuwa hakuna iliyo bora. Yamkini wote wawili wanasema kweli. Mawimbi ya mnara hudhoofika kwa umbali na huzuiwa na kilima. Nguvu ya mnara hugawanywa kwa watumiaji wake, hata njia iliyokuwa nyepesi alfajiri huwa nzito jioni watu wote warudipo nyumbani. Huenda kosa lisiwe la laini hata kidogo. Mkoa wa Ruvuma ulitegemea mitambo ya dizeli kwa umeme wake mpaka njia kuu ya Makambako hadi Songea ilipokamilika mwaka 2018. Na umeme ukikatika, chombo cha intaneti cha nyumbani hufa nao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadhoofika Tanzania na katika nchi jirani. Aliyeutazama mnara wa kijijini siku ile na kuulaani aliulaani kwa kosa la baharini.

Labda itasemwa kuwa mizani hii ni nzito mno. Ikiwa kila jirani sharti ajue habari za mawimbi na za bahari kabla ya kufumbua kinywa, basi vinywa vyote vitafungwa, na mnunuzi ataachwa peke yake na matangazo, ambayo hayana haya wala hayana mpwa. Hofu hii ni ya haki, lakini deni la ulimi si kujua kila kitu. Ni mambo mawili yaliyo katika uwezo wa kila mtu. La kwanza ni kusema alipokilalia kitanda: simu nimeitumia miezi miwili, laini hushika nyumbani kwangu, upande wa barabara, jioni huzorota. Maneno hayo hayahitaji elimu kubwa, nayo humwachia msikilizaji nafasi ya kupima. La pili ni kurudi. Aliyesifu akaona kinyume na amwendee aliyemwambia, kabla ya msimu mwingine wa kuuza ufuta kufika.

Mwulizaji naye hana budi kutimiza sehemu yake. Asitosheke na neno kwamba kitu kinafaa. Aulize kinafaa kwa kazi gani, mahali gani, tangu lini. Na mjomba atakaporudi kusema, "Mpwa wangu, ile simu nilikosea," asimcheke. Mji unaowacheka wanaokiri makosa hujifundisha wenyewe kudanganywa, maana baada ya kicheko hicho hakuna atakayerudi tena kusema kweli.