Sadaka ya Asiyeulizwa

Sadaka ni tendo ambalo dini nyingi zimelitukuza, na katika kulitukuza zimeliwekea masharti; na sharti la kwanza, litangulialo hata usafi wa nia, ni kwamba kitolewacho kiwe milki halali ya mtoaji. Mtu akichinja mbuzi wa jirani kwa ajili ya maskini, maskini watashiba, walakini yeye hatahesabiwa miongoni mwa wakarimu. Sharti hili ni jepesi kulielewa maadamu mazungumzo ni ya mifugo na fedha. Huwa zito tufikapo kwa binadamu, na zito kupita kiasi tufikapo kwa watu wa nyumbani, kwani mwenye nyumba ni mwepesi wa kumhesabu mke na watoto pamoja na vitu vyake.

Nitalipima jambo hili kwa jamaa moja ya wamisionari ambayo manufaa ya kazi yake katika elimu ya dini hayana ubishi. William Carey, fundi viatu wa Kiingereza aliyekuwa mchungaji wa Kibatisti, alifika Bengali mwaka 1793, akakaa India miaka 41 pasipo kurudi kwao hata mara moja, akafa huko mwaka 1834. Mwaka 1800 alihamia Serampore, mji uliokuwa chini ya himaya ya Denmark, kwa kuwa Kampuni ya Kiingereza iliyotawala Bengali haikuridhia wamisionari katika milki yake. Huko yeye na wenzake, Joshua Marshman na William Ward, waliishi kama jamaa moja na kutia mapato yao katika mfuko mmoja; na huko, mwaka 1818, waliasisi chuo kando ya mto Hooghly, ili Injili isibaki katika vinywa vya wageni, bali ifundishwe na wenyeji waliobobea katika elimu. Walikifungua kwa Wakristo na wasio Wakristo pia, wakafundisha fasihi za Mashariki pamoja na sayansi za Ulaya, na mwaka 1827 Mfalme Frederick VI wa Denmark akakipa hati ya kutunuku digrii. Hata leo vyuo vingi vya theolojia vya India hutoa digrii zao kwa mamlaka ya Serampore.

Huo ndio upande wa kwanza wa mizani. Upande wa pili yumo Dorothy, mkewe Carey, ambaye alipopewa habari ya safari alikataa. Mumewe alikwishapanda meli pamoja na mwana wao mkubwa, Felix, wakateremshwa kwa kukosa kibali. Na katika kuchelewa huko Dorothy, ambaye alikuwa ametoka uzazi si siku nyingi, aliendewa tena, na John Thomas, mganga aliyekuwa mwandani wa safari, akamwonya kwamba asipokwenda jamaa yake itatawanyika, naye atajuta maisha yake yote. Akakubali, kwa sharti kwamba dada yake afuatane naye. Mwaka uliofuata, huko Mudnabati katika Bengali, mwanawe Peter, mtoto wa miaka mitano, alikufa. Hapakupatikana mtu wa kuchonga jeneza, kwa kuwa watu walichelea kupoteza tabaka lao, na kaburi likachimbwa na Waislamu wanne waliokubali kutenda hisani hiyo. Baada ya msiba ule akili ya mama ilifadhaika, isipone tena. Alimshutumu mumewe kwa mambo yasiyo na asili, ikabidi azuiliwe ndani; na Carey alikuwa akiketi mezani kufasiri Maandiko Matakatifu ilhali katika chumba cha pili mkewe anapiga kelele. Dorothy alifariki Desemba 1807, miaka 11 kabla ya chuo kuasisiwa.

Yamkini mtu atasema kwamba mume na mke ni mwili mmoja, na kwamba alikubali. Nami nasema ridhaa inayopatikana kwa kutishwa na majuto ni ridhaa ya ulimi. Na kuwa mwili mmoja hakumpi mume haki ya kuamua peke yake, bali humwongezea wajibu wa kusikiliza, kwa sababu maumivu atakayoyaleta ni yake pia. Mwingine atataja habari ya Ibrahimu na mwanawe. Naam, lakini katika habari ile Mungu aliuzuia mkono wa baba, akampa kondoo badala ya mwana. Na msomaji mwenye insafu ataona kwamba aliyepewa amri alizuiwa, seuze asiyeamrishwa.

Tena, mfano wa sadaka halali haukuwa mbali. Hannah, mkewe Joshua Marshman, alifungua shule Serampore tangu mwaka 1800, na karo zake zikawa nguzo ya kazi yote. Aliwazika watoto wake kadhaa katika nchi ile, akawalea na kuwaonya wana wa Carey waliokuwa karibu kuharibika kwa kukosa uangalizi. Tabu yake haikuwa haba. Ila aliiingia kwa moyo wake na akaitumia kwa akili yake; alichokitoa kilikuwa chake, kwa hiyo kinastahili jina tukufu la sadaka.

Kutokana na hayo sihukumu kwamba chuo hakikupaswa kujengwa, wala kwamba elimu iliyotoka humo ni haramu. Hukumu yangu ni kwamba jambo jema laweza kuwa zawadi kwa upande mmoja na deni kwa upande wa pili, na kwamba wema wa matunda haulifuti deni, bali humwongezea mlaji wajibu wa kulikiri. Sisi wa pwani hii nasi tunalijua deni la namna hiyo, kwani Rosine, mke wa mmisionari Krapf, alizikwa mwaka 1844 ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Na sasa makanisa yetu nayo hupeleka walimu wa dini ng'ambo, pamoja na wake, waume na watoto wao. Basi kabla ya kumwekea mtu mikono na kumwombea safari, waiteni wale watakaofuatana naye, muwaulize faraghani, pasipo vitisho vya dunia wala vya akhera. Na mmoja wao akisema hapana, jibu lake lichukuliwe kuwa jibu.