Goti Lisilouma

Swali hili linaweza kuonekana la kijinga: nani anajua zaidi kuhusu goti lako, wewe au picha yake?

Wengi wetu tutajibu haraka: mwenye goti, bila shaka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jibu hilo lina heshima ndani yake, maana limewakinga wengi dhidi ya daktari anayetupia eksirei jicho dakika mbili kisha anasema, "Sioni shida hapa, mama, enda nyumbani." Lakini kuna kipimo kimoja kinacholitatiza jibu hilo.

Goti likisagika kabisa, daktari hukata ncha za mifupa na kuweka goti bandia: chuma juu kwenye mfupa wa paja, chuma chini kwenye muundi, plastiki ngumu katikati. Mara nyingi vyuma hushikizwa kwa saruji maalum. Kwa baadhi ya watu, chuma huanza kulegea polepole sana, pengine miaka kabla ya mtu kuhisi chochote. Eksirei ya kawaida haioni mwendo mdogo hivyo.

Mwaka 1974, huko Lund, Uswidi, Göran Selvik alieleza njia ya kuuona. Wakati wa upasuaji, vigololi vya tantali vyenye upana wa milimita moja hivi au pungufu hupandikizwa ndani ya mfupa. Baadaye zinapigwa eksirei mbili kwa pamoja, kutoka pembe mbili. Vigololi havihami, kwa hivyo vinakuwa kama vigingi vya mpaka wa shamba: unapima chuma kimesogea kiasi gani kutoka kwavyo, baada ya mwaka, baada ya miwili. Siku hizi skani ya CT inaweza kufanya kazi hiyo hata bila vigololi.

Goti bandia jipya husogea kidogo mwanzoni, halafu hutulia. La kutia wasiwasi ni lile lisilotulia. Mwaka 1995 Leif Ryd na wenzake walionyesha kwamba goti linaloendelea kusogea zaidi ya milimita 0.2 kati ya mwaka wa kwanza na wa pili liko katika hatari ya kulegea baadaye. Milimita 0.2 ni unene wa karatasi mbili za kuandikia, basi.

Sasa tuseme kuna mama anapanda ngazi, anaenda soko, analala fofofo. Picha inasema chuma kinahama. Nani mkweli?

Wote wawili, kwa maoni yangu, ila wanajibu maswali tofauti. Mama anajua kama anaumwa, na hakuna mashine ya kumsahihisha hapo. Picha inajua kama chuma kimehama. Anayelala kitandani anawajua kunguni, lakini si lazima ajue kwamba tendegu lina ufa. Kosa huanza jibu la swali moja linapotumiwa kuziba lingine. Tafiti nyingi zimekuta karibu mtu 1 kati ya 5 waliowekewa goti bandia haridhiki nalo, na kuna ambao picha zao ni safi kabisa. Kumwambia mtu kama huyo "goti liko sawa" ni kumjibu kitu ambacho hakuuliza.

Je, mama aambiwe? Kuna hoja nzito ya kunyamaza. Utamwibia usingizi, na hakuna spana ya kukaza goti kutoka nje. Tena hatari hiyo ni ya kundi. Huenda lake lisilegee kamwe. Bado naikataa. Vigololi viko kwenye mfupa wake. Kumpima halafu kumficha matokeo ni kumfanya rula ya watu wengine. Akitaka kusema mapema, "mimi msiniambie," ni haki yake. Lakini aseme yeye, asisemewe.

Na mbona mtu akubali kupimwa hivyo, kama goti haliumi? Mapema miaka ya 1990 kulikuwa na saruji ya mifupa iliyoitwa Boneloc. Iliondolewa sokoni 1995, baada ya rejista ya Norway kuonyesha viungo vya nyonga vikilegea mapema kupita kawaida. Rejista ni kitu kizuri, lakini angalia inahesabu nini: watu waliorudishwa kupasuliwa tena. Kila namba ni mtu ambaye ameshaumia. Vipimo vya vigololi, kwa vikundi vidogo tu vya wagonjwa, navyo vilionyesha kwamba saruji hiyo haishiki vizuri.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Kifaa kipya kikiingizwa bila kipimo cha namna hii, si kwamba hakipimwi. Kinapimwa, ila kwa maumivu ya watu, na hao hawakuulizwa.

Tantali yenyewe hutoka kwenye koltani, na sehemu ya koltani ya dunia inachimbwa Kivu, mashariki mwa Kongo, na watu wanaochuchumaa na kubeba mizigo mlimani. Goti la mchimbaji huyo likisagika, sidhani kuna atakayelipima kwa milimita. Usahihi nao una wenyewe.

Kwa hivyo siku shosho akiambiwa abadilishwe goti, usiishie kwa bei. Uliza aina hiyo ilipimwa vipi, kwa watu wangapi, kwa miaka mingapi. Halafu mgeukie shosho umuulize anaumwa wapi, na umsikilize mpaka amalize.